Ua la Saa Tatu na Mchanga wa Babu

Ng'ambo ya Mto,
Ifakara.
14 Januari 2024

Mwanangu Beatus,

Nakuandikia nikiwa mzima. Mgongo unauma kwa sababu ya kupalilia, lakini huo si ugonjwa, ni Januari. Mpunga umeshika vizuri. Binti yangu Noela amejifungua mtoto wa kike pale mjini, mnene, ana nywele utadhani kazaliwa na kofia. Wamempa jina la marehemu mama yako, Konsolata. Nilipoambiwa nilitoka nje kidogo, halafu nikarudi ndani kumbeba.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Huko kitaluni kwenu simu haishiki, na ikishika inakatika kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Obadia wa reli amekubali kubeba barua zangu kila treni yake inapopanda Mlimba na kuendelea hadi kwenu Uchindile. Kwa hiyo tuandikiane. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Jambo lenyewe ni hili. Alikuja mama mmoja wa chuo kikuu, mtaalamu wa mimea, anaitwa Febronia. Alikuwa akitembea kando ya mto kutafuta magugu, au mimi nilidhani ni magugu. Nikampeleka kwenye tuta la mchanga la babu yako, pale mto unapopinda. Unalikumbuka lile ua la njano lenye koo la zambarau, linalotambaa pale mchangani? Lile mlilokuwa mkiliita saa tatu, kwa sababu linafunguka alfajiri na ikifika saa tatu limeshajifumba, na mkilikuta limefumba mnajua mmechelewa shule. Febronia alipoliona alipiga magoti. Nilifikiri kaumwa na nyoka.

Kumbe asili ya ua lile ni pwani. Aliniambia zamani liliota kwenye vilima vya mchanga upande wa Rufiji, kule maji yetu haya yanakoishia baharini. Watu wakajenga, wakalima, wakachota mchanga, likaisha. Amelitafuta ufuko hadi ufuko bila kuliona. Akanishika mkono, akasema, "Mama Levina, huenda hapa kwenu ndipo mahali pake pa mwisho."

Mimi miaka yote hiyo nimelikanyaga nikienda kuteka maji.

Sasa kuna malori yameanza kuingia kuchota mchanga pale. Hayajafika kwenye maua, lakini yanasogea. Kazi yako ni kuotesha miti, basi otesha na hili. Mbegu tumegawana na Febronia, yeye atajaribu huko chuoni, wewe jaribu huko. Zako ziko ndani ya hiki kiberiti. Usichelewe.

Shangazi yako,
Levina


Uchindile.
11 Februari 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua nimeipata, na kiberiti kimefika kikavu. Huku kwetu ukungu ni mzito, pikipiki zinawasha taa mchana. Mimi mzima. Wamenipandisha, sasa mimi ni msaidizi wa msimamizi wa kitalu, kwa hiyo misonobari ikikauka ninayeulizwa ni mimi. Mpe Noela hongera zangu. Lile jina nimelisoma, nikalirudia tena na tena.

Ua ninalikumbuka. Nakumbuka pia fimbo ya mwalimu wa zamu siku ambazo lilikuwa limefumba.

Nilizigawa mbegu. Nyingine nimezipanda kwenye udongo wetu wa kitaluni, nyingine kwenye mchanga niliouchota kijitoni, kwa sababu niliona si haki kuzilaza kwenye udongo zisioujua. Mpaka leo hakuna kitu. Mkaratusi ungekuwa umeshatokeza na kujionyesha. Hizi zimelala tu, na ukiikata moja unaikuta ndani nyeupe, nzima kabisa. Hazijafa. Zinakataa. Nitajaribu kuzisugua kwa msasa, kisha nitajaribu maji ya moto kama tunavyofanya kwa mbegu ngumu.

Lakini Shangazi, hujaniambia malori ni ya nani. Tuta lile ni la Babu. Lori haliwezi kuingia pale bila mtu wa ukoo kuliruhusu. Aliyeruhusu ni nani?

Wasalimie wote wanaoniulizia.

Wako mtiifu,
Beatus


Ng'ambo ya Mto,
Ifakara.
3 Machi 2024

Mwanangu Beatus,

Hongera ya cheo. Konsolata mdogo anaongezeka, na juzi kacheka. Noela anasema ni gesi, mimi nasema ni kicheko. Mvua imeanza mapema na mto umejaa tope.

Nimeona ulivyomaliza salamu zako. "Wote wanaoniulizia." Baba yako Amedeus ni kaka yangu, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na jina lake halikuunguzi mkono ukiliandika. Sisemi zaidi.

Habari ya tuta. Malori yamekula upande wote wa kaskazini, yameacha shimo ambalo ng'ombe wanashindwa kupanda. Mwezi uliopita yalianza kugeuzia juu ya maua yenyewe. Asubuhi moja nilichukua kapu langu la kambale, kisu, ubao na kigoda, nikaenda kukaa katikati ya njia yao, nikaanza kupasua samaki. Likaja lori, likapiga honi. Nikaendelea na samaki wangu. Likapiga tena, kisha likazima. Dereva akashuka, kijana mmoja anaitwa Beno, akanisalimu kwa adabu, shikamoo mama. Nikamwitikia. Akaniuliza kama nitachelewa kumaliza. Nikamwambia samaki ni wengi, na nikimaliza hawa nitaleta wengine.

Alikaa kwenye kivuli cha lori lake akinitazama. Baadaye akasogea, akauliza nalinda nini. Nikamwonyesha. Alichuchumaa akayatazama yale maua, yalikuwa bado wazi. Akasema kwa upole, "Mama, mimi nimetumwa tu. Mwenye mchanga ametuandikia ruhusa." Nikamwuliza mwenye mchanga ni nani. Akanitajia.

Siku hiyo aligeuza lori. Nimekwenda na kambale wangu kila siku tangu hapo. Wanawake wawili wa jirani wamenifuata na ndoo zao, wanasema pana upepo mzuri.

Uliniuliza jambo fulani. Tusubiri kwanza. Niambie kuhusu mbegu.

Shangazi yako,
Levina


Uchindile.
24 Machi 2024

Shangazi, shikamoo.

Mbegu hazijaota. Msasa umeshindwa, maji ya moto yameshindwa. Febronia amenitumia ujumbe kupitia ofisi ya msitu, na kwake hali ni hiyo hiyo. Zimebaki chache, nimezitia kwenye trei ya mchanga, na sioni cha kuongeza.

Obadia ameniambia. Hakuniambia kwa ubaya, alidhani ninajua. Ni Baba.

Kwa nini ulinificha? Uliogopa nitasema nini? Siku niliyoondoka hapo nyumbani ulikuwa jikoni, lakini hukuyasikia aliyoniambia mlangoni, na mimi sikukusimulia. Alisema, "Nenda ukalee miti ya watu. Ya kwangu usiiguse tena." Yote kwa sababu nilikataa kubaki kulima mpunga wake. Sasa yeye ndiye anayeuza ardhi ya Babu kwa lori, na wewe, dada yake, hukuulizwa hata kwa neno moja.

Nilikuwa nimeomba likizo nije Pasaka. Nimeiondoa.

Beatus


Ng'ambo ya Mto,
Ifakara.
2 Juni 2024

Mwanangu Beatus,

Barua yako ya Machi ilinifikia, na nikaandika jibu, lakini jibu lile limekwenda na maji pamoja na meza niliyoliandikia.

Najua Noela alikupata kwenye simu ya ofisi, kwa hiyo unajua tupo hai. Sasa nikueleze vizuri, maana reli imefunguka tena na Obadia amepita.

Mto ulitoka kwenye kingo zake Aprili. Miaka yote hutoka, lakini huwa unapanda polepole, unatupa nafasi ya kuhamisha kuku. Safari hii uliingia kwa kishindo pale pale walipochimba. Sikuwahi kufikiri tuta lile lilikuwa na kazi. Kumbe lilikuwa limeukinga mto muda wote, nasi tuliliona ni mchanga tu umelala. Maji yalipita kwenye shimo la malori, yakaingia moja kwa moja kwenye mpunga wa baba yako. Hakupata hata punje. Kisha yakaja kwetu.

Nilipanda juu ya kitanda, halafu juu ya meza. Nilikuwa nimeanza kusali sala za mwisho niliposikia mtu akiliita jina langu la utotoni, lile ambalo nyinyi hamlijui. Ni Amedeus. Alikuwa na mtumbwi wa mtu, anaupiga kasia kati ya migomba kana kwamba ana miaka ishirini. Akaniambia, "Levina, shuka." Nikashuka. Akanibeba mgongoni kutoka mlangoni mpaka kwenye mtumbwi, na maji yalikuwa yamemfika kifuani. Tulikaa shuleni na watu wengine mpaka Mei, darasa moja, mikeka miwili, na hatukuzungumza juu ya tuta.

Nilikuficha kwa sababu wewe ni mwanawe na mimi ni dada yake, na nilitaka kwanza nimsikie mwenyewe.

Maji yamepungua. Nilikwenda pale penye maua. Hakuna kitu, mwanangu. Upande uliobakizwa na malori umeliwa na mto. Febronia alikuja, akasimama na mimi, akalia. Mimi sikulia, nilikuwa nimechoka.

Kama ile trei yako imekauka, usijilaumu.

Levina


Uchindile.
16 Juni 2024

Shangazi, shikamoo, na tena shikamoo.

Keti kwanza kabla hujasoma.

Baada ya ile barua yangu ya Machi, ile trei niliisukuma chini ya ukingo wa bati nyuma ya banda, nikaiacha. Sikutaka kuiona. Mvua ilipokuja maji ya bati yakawa yanamwagikia hapo hapo. Matundu ya trei yaliziba, ikawa bwawa. Aprili yote na Mei mbegu zile zilikuwa chini ya maji. Nilipita mara kadhaa nikaona maji, nikasema moyoni, zimeoza, basi.

Mvua ilipokatika bwawa likakauka lenyewe. Wiki iliyopita nilikwenda kuchukua trei niioshe nitilie misonobari. Nikakuta kijani.

Niliinama mpaka pua ikagusa mchanga. Nilifikiri ni magugu yetu ya huku. Lakini majani yana manyoya meupe, Shangazi, yale yanayoshika umande. Ni lenyewe. Nilipiga kelele mpaka wenzangu wakatoka na mapanga.

Sasa naelewa lilivyokuwa likiishi hapo nyumbani. Mto hutoka, hulala juu ya mchanga wakati wa masika, kisha huondoka, na ndipo mbegu huamka. Tulikuwa tunalisugua na kulichemsha, kumbe lilikuwa linadai masika yake. Nilipanda mlimani siku hiyo hiyo kutafuta mtandao, nikampigia Febronia. Akanieleza kwamba huenda ganda lina kitu kinachozuia kuota, na maji mengi hukiosha taratibu. Amezitia zake kwenye ndoo za maji siku ile ile.

Miche yangu ni michache lakini ina nguvu. Nimeihamishia kwenye viriba vya plastiki. Niambie, mchanga pale umebaki kiasi gani? Na niambie ni nani atakayeamua juu yake, maana sitaipeleka miche hii ikachotwe na koleo.

Nashukuru alikubeba.

Beatus


Ng'ambo ya Mto,
Ifakara.
21 Julai 2024

Mwanangu Beatus,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, hukuniambia nikae mpaka nilipokuwa nimeshaifungua. Nikakimbia nayo kwa Noela kama mwehu, na mtoto mgongoni.

Nyumba yangu imesimamishwa upya, miti na udongo, bati lile lile. Mboga zimeota vizuri juu ya tope. Sasa sikiliza.

Niliomba kikao cha ukoo. Baba mdogo Theodori ndiye mkubwa aliyebaki, kwa hiyo tulikaa kwake, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka kama kawaida. Nilichukua kiti. Theodori alikitazama kile kiti, kisha akafungua kikao.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, yakaniishia. Nikasema tu, "Mchanga ule ni wa baba yetu. Mimi ni mtoto wake kama Amedeus. Ameuandikia watu ruhusa bila kuniuliza, na mto umetuonyesha sote kilichotokea. Nataka kuulizwa."

Kuna aliyesema kwamba mimi niliolewa, nina kwa mume. Nikamjibu kwamba mume wangu amezikwa, na mimi nimezika baba na mama hapa hapa kwa mikono yangu, hakuna aliyeniambia wakati ule kwamba niko kwa watu.

Theodori akamgeukia baba yako, akamtaka aseme. Unamjua, anapenda kujibu kabla hajaulizwa. Safari hii alikaa. Halafu akainuka, kofia mkononi. "Nilidhani mchanga ni mchanga," alisema. "Sikuuliza, kwa sababu niliona hakuna wa kuuliza. Levina alikuwapo." Akakaa.

Ni hayo tu, lakini Beatus, nimekuwa dada yake miaka hamsini na minne na sijawahi kumsikia akisema hivyo.

Waliamua pale pale. Tuta ni langu na lake kwa pamoja, na halichimbwi. Kesho yake baba yako alikwenda mwenyewe kwa mwenye malori kuvunja mapatano. Sikumwuliza walielewana vipi, aliporudi alikuwa amevaa uso wa mtu aliyetukanwa na kuvumilia. Juzi mkutano wa kijiji umepitisha pia, mikono juu, kwamba kingo zote za mto upande wetu hazichotwi mchanga. Waliopiga kelele zaidi ni wale wanawake waliokuja na ndoo zao za samaki.

Na jambo jingine. Uliniuliza umebaki mchanga kiasi gani. Mto ulipoondoka uliacha mchanga mpya, mweupe, upande wa chini wa kona. Si mwingi kama wa babu, lakini upo, na kila mwaka utaongezeka tukiuacha.

Lete miche. Nasema lete, sisemi tuma.

Baba yako aliniuliza jana, akiwa anafunga kamba ya mbuzi, hata hakunitazama: "Ile miche ina majani mangapi sasa?" Nikamwambia sijui, amwulize mwenye miche.

Shangazi yako,
Levina


Uchindile.
11 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Nimefurahi mpaka nimekosa usingizi. Ningependa kukiona hicho kiti.

Miche inakuja na Obadia kwenye sanduku la mbao. Lisilazwe upande. Ipandwe jioni, jua likiwa limepoa, karibu na maji lakini juu kidogo. Viriba vichanwe, visivutwe. Maji kidogo kila asubuhi mpaka ishike. Ng'ombe wazuiwe kwa miiba.

Kazi ni nyingi huku, tuko kwenye kupakia miche ya msimu. Sidhani kama nitapata nafasi ya kuja.

Majani yalikuwa sita kwa kila mche nilipoifunga.

Beatus


Ng'ambo ya Mto,
Ifakara.
20 Oktoba 2024

Mwanangu Beatus,

Sote wazima. Konsolata anatambaa na anakula mchanga, labda ni wa ukoo kweli.

Kazi yako ya kupakia miche naona ni ndefu sana. Sikulaumu. Nitakueleza tu nilichokiona.

Siku treni ilipofika nilimkuta baba yako ameshatangulia stesheni. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Alitazama abiria wote wakishuka, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Kisha Obadia akateremsha sanduku. Baba yako akalitazama lile sanduku, akatazama mlango wa behewa tena, akainama akalibeba kichwani. Nilimwambia tukodi bajaji, akasema bajaji itatikisa. Alitembea nalo mpaka daraja, akalivuka, mpaka tuta. Kwa umri ule.

Tulipanda jioni kama ulivyosema. Yeye ndiye aliyechana viriba, kwa wembe, polepole, anashikilia pumzi. Amezungushia miiba mirefu kuliko mimi. Tangu siku hiyo kila asubuhi ninapoamka namkuta ameshakwenda na kopo lake. Siku hizi anayechelewa kuamka ni mimi, samaki wananisubiri. Kuna siku ng'ombe wa wafugaji walikaribia, akakaa nao siku nzima, wenye ng'ombe wakacheka, mwisho wakamsaidia kukata miiba.

Haongei juu yako. Ila juzi alinitaka nimwoneshe barua zako, zile za mbegu tu. Nikampa zote. Alikwenda nazo kwake. Amezirudisha leo, pamoja na kalamu yangu, akasema nimwachie nafasi hapa chini. Nimemwachia.

Levina

Beatus.
Jumapili iliyopita asubuhi lilifunguka ua moja. Leo yako mengi, siwezi kukuhesabia. Niliyokuambia mlangoni nilikosea. Hiyo miti uliyolea nimeigusa mimi, sasa njoo uiguse na wewe.
Baba yako, Amedeus


Upande wa Rufiji, pwani.
28 Septemba 2025

Mwanangu Beatus,

Sasa ni zamu yangu kuandika kutoka mbali, na wewe ndiye uliyeko Ng'ambo, tangu uliporudi nyumbani. Salamu zako nimezipata kwa simu, lakini nilikuambia, simu haitoshi kwa jambo kama hili. Hujambo na kitalu chako? Wale wanawake uliowaajiri wasikuchoshe, nawajua, wanapenda kuamrisha. Mwambie Konsolata kwamba bibi anamletea makombe ya baharini. Na ule mpunga wa baba yako, kwa kuwa umekubali kuulima nusu na kitalu nusu, usiusahau kwa ajili ya maua, atakuuliza akifika kabla hata hajanawa.

Tulifika juzi, mimi, baba yako na Febronia. Tangu ile miche ya kitaluni kwako ilipopandwa huku baada ya masika sikuwa nimelala vizuri, ukweli ni huo. Nilijiambia, kwetu limekubali kwa sababu ni kwetu. Huku kuna chumvi, kuna upepo, kuna watu ambao hawajawahi kuliona. Febronia naye safari nzima alikuwa akiongea habari nyingine.

Sikuwahi kuiona bahari. Sitakueleza ilivyo, utakuja mwenyewe. Baba yako alisimama mbele yake kwa muda mrefu, kisha akateremka mpaka majini, akachota kiganja, akaonja. Akatema. Aliniambia, "Levina, mto wetu wote ule, wanakuja kuutia chumvi."

Leo tuliamshwa alfajiri na wenyeji, kina mama wa kikundi kinachotunza vile vilima vya mchanga. Walitembea mbele yetu, wanacheka wenyewe kwa wenyewe, hawataki kutuambia kitu. Tulipanda kilima cha kwanza, mchanga mtupu. Tukapanda cha pili.

Beatus, kilima chote kilikuwa cha njano. Nasema chote. Kuanzia miguuni petu mpaka upande wa baharini, yamefunguka, yanatikiswa na upepo na hayang'oki. Miche tuliyoleta haikuwa mingi hivyo. Mingine imezaliana yenyewe kwa kutambaa na kutia mizizi, Febronia alikuwa anatambaa kwa magoti anaionyesha, hii si yetu, na hii si yetu, imezaliwa hapa. Alikuwa analia tena, ila safari hii na mimi nililia, na wale kina mama wakatushika, wakaanza vigelegele, watoto wakatoka kijijini mbio kuja kuona kuna arusi gani.

Mama mmoja mzee kati yao aliniuliza tumelitoa wapi. Nikataka kumweleza habari ya tuta, na mafuriko, na trei chini ya bati. Baba yako akanitangulia. Unamjua. Alivua kofia, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mwanangu ndiye aliyeliotesha."

Shangazi yako,
Levina